Begi, mkoba na vitu vya kubeba kila siku: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini mtu mzima ahangaike na begi? Si la kubebea tu?

La kubebea, ndiyo. Lakini ukiacha simu, hakuna kitu chako unachokishika mara nyingi kama begi. Anayetoka Mbagala alfajiri kwenda kazini Posta, akarudi usiku, ameshinda nalo mgongoni, mapajani, miguuni na juu ya meza. Likimsumbua kidogo tu, linamsumbua siku nzima.

Raha ya begi lililochaguliwa vizuri ni ndogo na haionekani na mtu mwingine: unaingiza mkono bila kutazama, unatoka na funguo. Konda anaanza kugonga sarafu na wewe nauli umeshaishika. Mvua inashuka ghafla pale Ubungo na unajua laptop haitalowa. Wanaopenda mambo haya wanapenda huo utulivu. Urembo nao haukosi, kwa sababu kitu kinachoijua kazi yake huzidi kupendeza kadiri kinavyotumika.

Nianzie wapi kuchagua?

Usianzie dukani. Mwaga mezani begi ulilo nalo sasa. Utakuta risiti zilizofutika maandishi, chaja ya simu uliyokwisha kuiuza, kalamu tatu zote zimekauka na peremende iliyoyeyukia kwenye bitana. Tupa vya kutupa. Kinachobaki mezani ndicho mzigo wako, na begi linachaguliwa kwa ajili ya mzigo huo.

Wengi tunafanya kinyume. Tunalipenda begi kwanza, tunalinunua, halafu linatafutiwa vitu vya kulijaza. Begi kubwa halikai tupu hata kwa wiki moja.

Dukani ukubwa kwa lita mara nyingi haukuandikwa, lakini unaweza kuupima mwenyewe: zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1000. Begi la sentimita 40 kwa 28 kwa 16 ni kama lita 18. Ukiwa na laptop, kontena la chakula na chupa ya maji, lita 18 hadi 22 zinatosha kabisa. Usiye na laptop, lita 10 ni nyingi. Anayekuambia unahitaji lita 35 za kwendea ofisini anataka kukuuzia begi la safari.

Kuna orodha ya vitu vya kubeba kila siku?

Orodha za Wamarekani ziko tele mtandaoni, nyingi zimejaa visu, tochi za chuma na vifaa vya kuwashia moto porini. Ni nzuri kwa wanaokwenda porini. Kwa anayepanda mwendokasi, yangu ni hii, na si amri.

Simu, funguo, kitambulisho. Fedha taslimu kidogo, noti ndogondogo, hata kama unalipa kila kitu kwa simu: siku mtandao ukigoma, dereva wa bodaboda hatakusubiri. Leso ya kitambaa, maana joto la Dar na Mombasa halikaushwi na tishu, tishu inabaki vipandevipande usoni. Chupa ya maji ya nusu lita inayojazwa tena. Dawa zako kama unazo.

Pawabenki, lakini usichukue tofali. Ya mAh 10,000 inajaza simu nyingi mara moja na ushee, nayo ina uzito wa gramu 200 hivi. Anayesafiri kwa ndege ajue kwamba mashirika mengi huruhusu bila maswali hadi saa-wati 100, na pawabenki ya mAh 20,000 ni takriban saa-wati 74, kwa hiyo inapita. Sharti moja: iende nawe ndani ya ndege, kamwe isiwekwe kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege.

Halafu kanga. Hapa ndipo orodha za wenzetu zinapoonekana hazikuandikwa na mama wa Kiswahili. Mwanamke wa Pwani anayetoka nyumbani bila kanga kwenye mkoba anajua amebahatisha. Msiba hautangulizi taarifa. Ukipigiwa simu saa nane mchana kwamba kuna msiba Temeke, unakwenda hapohapo na unajifunga kanga juu ya suruali ya ofisini. Unapanda bodaboda na sketi, unajifunga. Mtoto amelala kwenye basi, unamfunika. Kiyoyozi cha benki kinakugandisha, unajitanda. Haina uzito wa maana, inakunjika ikawa ndogo kama daftari, na inafanya kazi ya vitu vinne. Wanaume wanaocheka wangebeba kikoi wangeelewa.

Mwisho, mfuko wa kitambaa unaokunjika. Sababu yake nimeiweka kwenye swali lake huko chini.

Mgongoni, begani au mkononi?

Kama mzigo unapita kilo tatu, mgongoni, mikanda yote miwili. Begi la bega moja lenye laptop linakuvuta upande mmoja, na jioni shingo inakudai. Kwa mzigo mwepesi, mkoba mdogo wa kupitisha kifuani ndio mfalme wa jiji: mikono iko huru, zipu unaiona, na ukikaa unakaa nao mbele yako. Mkoba wa mkononi ni wa harusini na kwenye gari lako mwenyewe.

Nitajuaje dukani kwamba begi ni imara?

Usiangalie nje, geuza ndani. Nje hupambwa na kila mtu. Ndani ndiko fundi anakoonyesha kama alikuwa na haraka. Tazama pale mkanda wa bega unapoungana na mgongo wa begi, maana mabegi mengi hufia hapo. Unataka kuona mshono wa mraba wenye msalaba katikati, au mishono mifupi ya kwenda na kurudi iliyobanana, na mwisho wa mkanda umeingia ndani ya mshono wa begi. Ukiona mkanda umeshonwa kwa mstari mmoja juu ya kitambaa, utakatika, ni suala la muda tu.

Kisha kingo za ndani. Kama kitambaa kimekatwa kikaachwa hivyohivyo na nyuzi zinatoka, kitaendelea kufumuka hadi kifike kwenye mshono. Kingo zilizofungwa kwa utepe ni dalili ya heshima.

Zipu nayo ina lugha yake. Nyuma ya kichwa cha zipu mara nyingi pana namba: 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo inakaribia upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Mfuko mkuu wa begi la mgongoni usikubali chini ya 5, na 8 au 10 ni bora. Herufi YKK ni za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1934 na Tadao Yoshida, na zipu zao ni nzuri kweli, ila herufi zenyewe huigwa, kwa hiyo amini mkono wako. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa, hasa kwenye kona. Ikikwama dukani likiwa tupu, fikiria likiwa limejaa.

Kuhusu kitambaa, utakuta namba kama 600D au 1000D. D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi mzito, kitambaa kigumu. Lakini nailoni ya namba ndogo mara nyingi huishinda poliesta ya namba kubwa kwa kuchubuka, hivyo namba peke yake isikulevye. Turubai la pamba zito lenye nta ni zuri pia, mradi ukubali kwamba lina uzito na halipendi kufungiwa likiwa bichi.

Mkoba wangu wa ngozi unamenyeka kama ganda la kitunguu. Niliutunza vizuri! Kwa nini?

Kwa sababu si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa tabaka la poliuretani, aina ya plastiki, na kuchorwa vinyweleo. Swali hili hutoka Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar kuliko Arusha au Nairobi, na sababu iko hewani. Poliuretani nyingi za bei nafuu huvunjwa polepole na unyevu. Maji yaliyomo hewani huingia na kukata minyororo ya kemia inayoshikilia tabaka lile, na joto huharakisha kazi. Ndiyo maana mkoba unaweza kumenyeka hata ukiwa umelala kabatini, haujatumika tangu harusi ya binamu yako. Kuufungia kwenye mfuko wa plastiki kunauzidishia, kwa kuwa unyevu unabaki ndani.

Ukishaanza kumenyeka haurudi. Gundi haisaidii, rangi ya viatu haisaidii. Anayekuuzia dawa ya kuurejesha anakuuzia matumaini.

Kutambua ngozi halisi: tazama palipokatwa, kwa mfano ncha ya mkanda. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizochangamana, ya bandia ina kitambaa kilichofumwa chini na plastiki juu. Vinyweleo vya ngozi havilingani. Vikilingana kama vimepigwa muhuri, vimepigwa muhuri kweli. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hukunjamana kidogo kuzunguka kidole kama mkono wako ufanyavyo. Mambo ya kuchoma kwa kiberiti waachie watu wasio na aibu mbele ya mwenye duka.

Sisemi ngozi bandia ni haramu. Mkoba wa sherehe mbili tatu kwa mwaka, nunua, ukijua umri wake ni mfupi. Ukiwa wa kila siku, nafuu turubai au nailoni kuliko ngozi bandia ya bei ya juu.

Na ngozi halisi ikipata ukungu?

Huo unaondoka. Futa kwa kitambaa chenye maji yaliyochanganywa na siki kidogo, acha ikauke kivulini penye upepo, kisha paka nta ya viatu isiyo na rangi. Jua kali linaikausha hadi ipasuke, usiianike juani. Iweke mahali panapopita hewa, na vile vipakiti vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, viweke ndani ya mkoba.

Mtumba au mpya?

Mtumba, mara nyingi, kama una subira. Begi lililotumika miaka kadhaa Ulaya au Asia likafika kwenye masoko ya Karume, Gikomba au Kongowea bado limesimama, limeshafaulu mtihani ambao jipya halijaufanya. Mikanda iliyokuwa ya kukatika imekatika tayari, na tabaka la kumenyeka limemenyeka. Nenda mapema siku belo linapofunguliwa, kwa sababu walanguzi huchagua yale ya kwanza kabla jua halijapanda.

Tazama sifongo ya mikanda ya mabega: ukiibonyeza ikabaki imebonyea, imekufa. Nusa ndani. Harufu ya ukungu inatoka kwa kufua, ya mafuta ya taa au ya panya haitoki. Tazama pia mpira wa ndani wa mabegi ya nailoni, lile tabaka la kuzuia maji. Likiwa linanata au linatoa unga, ni poliuretani ileile inayokufa, na litachafua kila utakachoweka humo.

Kipya nunua pale unapotaka kitu fulani hasa, au kile ambacho mtumba hauna, kama kikapu cha nyumbani. Hilo ndilo linalofuata.

Kiondo kinafaa kazi za kila siku au ni cha watalii?

Kinafaa, na naliona ni swali linaloonyesha tulivyojisahau. Kiondo kilikuwa begi la kazi la wanawake wa Kikamba na Kikikuyu, cha shambani na sokoni, kikibebwa kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso mzigo ukikaa mgongoni. Mishikio ya ngozi ya kuning'iniza begani ilikuja baadaye kwa ajili ya wanunuzi wa mjini.

Jambo moja huwashangaza wengi: katani, uzi wa mkonge unaosukiwa kiondo, yenyewe ni ngeni. Mmea wa mkonge asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga yalitokana na hiyo, kisha zao likavuka mpaka. Kabla ya hapo wasukaji wa Ukambani walitumia nyuzi za magome ya miti, ukiwemo mbuyu. Kwa hiyo mikono ni ya zamani kuliko uzi.

Kizuri unakitambua kwa kukitazama dhidi ya mwanga: usukaji uliobana hauonyeshi matundu. Kitako kianze katikati na kuzunguka bila uvimbe, na kikiwekwa mezani kikae wima chenyewe. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikitoka, itatoka pia kwenye shati lako siku ya mvua. Mishikio ipite ndani ya usukaji na kushonwa, isibandikwe.

Udhaifu wake ni mdomo wazi. Kwenye daladala iliyoshona, mdomo wazi ni mwaliko. Dawa yake iko kwa fundi cherehani: mpe kipande cha kitenge akushonee bitana yenye zipu na mfuko mdogo wa simu ndani. Baada ya hapo kinazidi mikoba mingi ya madukani.

Pwani tuna vya kwetu. Wa Unguja, Pemba na Lamu husuka miyaa, majani ya jamii ya mitende, iliyokaushwa na kutiwa rangi, wakapata ukili, ule utepe mrefu, kisha ukili unashonwa kwa kuzungushwa hadi ukawa kikapu. Hiki ndicho bora kwa soko la samaki na mboga: chepesi, kinapitisha hewa, na kikichafuka kinasuuzwa na kuanikwa. Kikikauka sana hadi kuvunjikavunjika ncha, kinyunyizie maji kidogo. Na Iringa wana vikapu vya Wahehe vya milulu, vilivyobana mno, ambavyo kwangu ni vya kuweka vitu nyumbani kuliko vya kuhangaika navyo barabarani.

Kwa nini unasisitiza mfuko wa kukunja?

Kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea haipo tena, au isiwepo. Zanzibar ilianza kuipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria ya Kenya ilitaja faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha hadi miaka minne, jambo lililowafanya watu waanze kukumbuka vikapu vya bibi zao.

Mifuko mbadala tunayouziwa sokoni ni plastiki pia, ila imetengenezwa ikafanana na kitambaa. Kiwango cha Tanzania kinataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Ile myembamba inayoonyesha nyanya kwa nje haifiki huko, nayo inaachia kilo mbili za viazi katikati ya barabara. Ukinunua mmoja kila siku, mwisho wa mwezi umelipia kikapu cha ukili. Mfuko wa pamba uliokunjwa kwenye pembe ya begi unakumalizia hilo.

Shangazi kaja je?

Ule mfuko mkubwa wa plastiki wa miraba? Mfuko wa heshima. Mwepesi, bei ndogo, unameza godoro la mtoto, mvua ndogo haiupiti. Zipu yake ni ya siku moja, kwa hiyo funga na kamba. Kwenye mitindo yao ya mwaka 2007 Louis Vuitton, kampuni ya mikoba ya kifahari ya Ufaransa, waliweka mabegi ya miraba yaleyale, kwa bei ambayo ingenunua basi zima la mashangazi na mizigo yao.

Mkoba wa mamilioni una thamani gani?

Thamani ya jina, na ya mikono ya mafundi wazuri. Ila historia yake inachekesha. Birkin, mkoba wa kampuni ya Kifaransa ya Hermès, ilizaliwa kwa sababu ya kikapu: Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyeishi Ufaransa, alikuwa na kawaida ya kubeba kikapu cha kusuka kila mahali. Kwenye ndege vitu vyake vikamwagika mbele ya Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès, wakaanza kuzungumza juu ya mkoba unaotosha vitu vya mama mwenye mtoto mdogo. Mkoba ukatoka mwaka 1984. Ule wa kwanza kabisa, wa Jane mwenyewe, uliuzwa mnadani Paris Julai 2025 kwa euro milioni 8.6. Ulikuwa na mikwaruzo na alama za stika alizobandika. Aliutumia hasa, na hilo linanifurahisha kuliko bei.

Nijikinge vipi na vibaka?

Begi kifuani kwenye foleni ya kupanda, maana wachomoaji hufanya kazi sana hapo. Ukitembea, mkoba ukae upande wa ukuta, mbali na barabara, kwa ajili ya wale wa pikipiki. Mkanda usiuzungushe mkononi, wakivuta watakuburuta. Pochi isiwe na kitambulisho, kadi zote na fedha zote kwa pamoja. Wazee walifutika fedha kibindoni, na mfuko wa ndani wenye zipu ni kibindo hichohicho.

Kisu kidogo cha mfukoni?

Acha nyumbani. Walinzi wa milangoni wataking'ang'ania na maelezo yatakuchosha.

Begi la rangi za kijeshi?

Hapana, kabisa. Kenya, Uganda na Tanzania raia haruhusiwi vitu vinavyofanana na sare za jeshi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kuvisalimisha. Kwenye mtumba yako mengi na yanapendeza. Yaache hapohapo.

Begi la mtoto wa shule lisizidi uzito gani?

Madaktari wa watoto Marekani hushauri lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 25, basi, kilo mbili na nusu hadi tano. Kaunta buku kadhaa, vitabu na lita moja ya maji, ambayo peke yake ni kilo moja, zinafika huko haraka. Pima kwa mizani ya dukani siku moja utashangaa. Fupisha mikanda ili begi lisipige makalio, na vitabu vizito vikae karibu na mgongo.

Zipu ikianza kuachia nyuma, nitupe begi?

Usitupe. Meno yakiwa mazima, kichwa cha zipu ndicho kimepanuka. Kibane taratibu kwa plaizi, upande wa kushoto kisha wa kulia, kidogokidogo, halafu jaribu. Ukibana kupita kiasi kitavunjika, lakini kichwa kipya ni bei ya soda na fundi hukibadilisha ukisubiri. Meno yaking'oka ndipo unabadilisha zipu nzima. Mikanda na ngozi mpelekee fundi viatu, maana sindano yake na uzi wake uliopakwa nta vinapita pale ambapo cherehani ya nyumbani inavunja sindano. Bitana na zipu ndefu ni za fundi cherehani. Mweleze unataka zipu ya namba gani kabla hajaenda kuinunua, la sivyo atakuletea ya sketi.